Peni ya mlipa kodi na shule za wakfu England, 1889–1926: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunazungumzia England peke yake. Wales ilipata sheria yake ya shule za sekondari mwaka 1889 na Scotland ilikuwa na mfumo wake kabisa, kwa hiyo usizichanganye.

Shule ya wakfu ilikuwa shule ya namna gani?

Msomaji wa pwani anaijua wakfu: mtu anaweka nyumba au shamba, mapato yake yahudumie msikiti au chuo, na mali yenyewe haiuzwi. England nayo ilikuwa na desturi inayokaribiana na hiyo. Askofu, mfanyabiashara au mjane tajiri aliacha ardhi na majengo ili kodi ya pango imlipe mwalimu wa kufundisha vijana wa mji Kilatini, bure au kwa ada ndogo. Shule ya Nottingham ilianzishwa na mjane, Agnes Mellers, mwaka 1513. Ya Manchester ni ya Hugh Oldham, askofu wa Exeter, mwaka 1515. King Edward's ya Birmingham ilizaliwa 1552, ikapewa ardhi iliyokuwa mali ya chama cha kidini cha mji huo.

Mali ilishikwa na bodi ya wadhamini. Mara nyingi hao walikuwa wazee wachache wa mji, na mmoja akifa waliobaki walimchagua mwingine wa kukaa kwenye kiti chake. Hili likumbuke, maana ndilo lililokuja kubadilika zaidi.

Kama zilikuwa na mali, kwa nini zilihitaji fedha za umma?

Kwa sababu mali haikuwa sawa kila mahali, na wakati haukusimama.

Chukua Manchester. Wakfu wa Oldham uliegemea vinu vya kusaga nafaka kando ya mto Irk, na wakazi wa mji walilazimika kusaga hapo. Ukioka mkate Manchester, umeichangia shule. Katika karne ya 18 Bunge likaondoa lazima hiyo kwa nafaka na kuibakiza kwa kimea cha kutengenezea bia tu. Birmingham, kwa upande wake, ilikuwa na ardhi katikati ya mji uliokuwa ukipanuka mwaka hadi mwaka, na pango likapanda pamoja na mji. Lakini shule ndogo ya kijijini yenye mashamba mawili matatu haikuwa na bahati ya namna hiyo. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu ilianza kumiminika kutoka Marekani kwa reli na meli za mvuke. Wakulima wa England wakabanwa, pango la mashamba likashuka, na mshahara wa mwalimu ukashuka nalo.

Wakati huohuo gharama zilikuwa zinapanda. Wazazi walitaka sayansi, na sayansi inataka maabara yenye meza, bomba la maji, gesi na mtu wa kuiendesha. Kilatini kinataka kitabu na benchi.

Nyingine hazikuvuka. Shule ya Hawkshead, ya mwaka 1585, ambako mshairi William Wordsworth alisoma, ilifungwa mwaka 1909. Jengo lake dogo bado lipo, na dawati lenye jina la Wordsworth lililochongwa kwa kisu bado linaonyeshwa wageni.

Kwani serikali haikuzigusa kabla ya hapo?

Ilizigusa kisheria, si kifedha. Tume ya Taunton, tume ya serikali, ilizichunguza kati ya 1864 na 1868 na kukuta nyingi zimelala. Sheria ya 1869 ikaruhusu masharti ya wakfu yaandikwe upya: nani asome, afundishwe nini, nani awe mdhamini. Fedha za umma hazikuwemo.

Fedha za kwanza za halmashauri zilitoka wapi?

Kwenye pombe kali. Kisa hiki nakipenda, kwa sababu kinaonyesha jinsi elimu ya taifa zima ilivyopata njia bila mtu kuipanga.

Halmashauri za kaunti zilianzishwa kwa sheria ya 1888. Mwaka uliofuata Bunge liliziruhusu zitoze hadi peni 1 katika kila pauni ya thamani ya majengo kwa ajili ya elimu ya ufundi. Halmashauri nyingi zilisita, maana hakuna diwani anayependa kupandisha kodi. Kisha mwaka 1890 waziri wa fedha, George Goschen, akaongeza ushuru wa bia na vinywaji vikali ili wenye vilabu watakaonyang'anywa leseni walipwe fidia. Wapinga ulevi walikuja juu: kwa nini mwenye kilabu alipwe? Serikali ikarudi nyuma, lakini ushuru ulikuwa umeshapitishwa na fedha hazina mwenyewe. Mbunge Arthur Acland akapendekeza ziende kwa halmashauri mpya, ambazo zingeweza kuzitumia kwa elimu ya ufundi. Zikawa karibu pauni 750,000 kwa mwaka, na watu wakaziita fedha za wiski.

Halmashauri hazikulazimishwa kuzitumia kwa elimu. Zingeweza kupunguza kodi tu, na baadhi zilifanya hivyo kwa sehemu. Nyingi zaidi zilichagua shule, na tangu hapo shule za wakfu zikaanza kubisha hodi kwenye ofisi za kaunti.

Fedha za wiski zilinunua nini hasa?

Vitu viwili: vyumba vya sayansi na ufadhili wa wanafunzi. Sheria ilizungumzia elimu ya ufundi, kwa hiyo mwalimu mkuu aliyetaka msaada alipaswa kuonyesha kemia, fizikia, uchoraji au lugha za kisasa. Kilatini hakikuhesabika. Ndiyo sababu shule nyingi kongwe zina bawa la matofali la miaka ya 1890 lililobandikwa kwenye jengo la mawe la karne ya 16 au 17.

Ufadhili nao uligusa maisha ya watu. Mwaka 1898 mtoto wa mchimba makaa wa Eastwood alishinda ufadhili wa halmashauri ya kaunti akaingia shule ya wakfu ya Nottingham, ileile ya Agnes Mellers. Jina lake D. H. Lawrence, na baadaye dunia ilimjua kama mwandishi. London nako Bodi ya Elimu ya Ufundi ya halmashauri ya kaunti, iliyoanza 1893 chini ya uenyekiti wa Sidney Webb, ilijenga ngazi nzima ya ufadhili kutoka shule ya msingi kwenda juu, na ikazisaidia shule za wakfu za jiji.

Udhaifu wake mmoja ulikuwa mkubwa: mapato yalifuata unywaji. Watu wakinywa kidogo, maabara inapungukiwa.

Kesi ya Cockerton inaingiaje hapa?

Shule za msingi za umma zilikuwa chini ya bodi zilizochaguliwa kwa sheria ya 1870. Baadhi ya bodi hizo, hasa mijini, zilianza kufundisha masomo ya juu kwa fedha za kodi. Mwaka 1899 mkaguzi wa hesabu, T. B. Cockerton, alikataa kupitisha matumizi ya aina hiyo ya bodi ya London, akisema sheria inawaruhusu elimu ya msingi tu. Mahakama ilikubaliana naye, na mwaka 1901 rufaa ikashindwa.

Pengo likabaki wazi. Nani basi ana haki ya kutumia kodi kwa sekondari? Jibu lilikuja mwaka uliofuata.

Sheria ya Elimu ya 1902 ilisema nini?

Ilifuta bodi hizo za shule za msingi, zaidi ya 2,500, na kuzipa halmashauri za kaunti na za miji mikubwa kazi ya kuangalia mahitaji ya elimu ya eneo lao na, kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya taifa (ndiyo wizara ya elimu ya wakati ule), kutoa au kusaidia kutoa elimu iliyo juu ya msingi. Waziri mkuu Arthur Balfour aliipitisha bungeni, na nyuma yake alikuwa Robert Morant, mtumishi wa serikali aliyeijua kila koma ya sheria ile.

Maneno mazito hapo ni mawili: *kutoa* au *kusaidia*. Kutoa ni halmashauri kujenga shule yake. Kusaidia ni kuipa ruzuku shule iliyopo, nayo ibaki na wakfu wake, jina lake na wadhamini wake. Bila neno la pili shule za wakfu zingeachwa zife polepole kando ya majengo mapya.

Kodi yenyewe ilikuwa kiasi gani?

Kaunti iliwekewa ukomo wa peni 2 katika kila pauni ya thamani ya jengo, na kupita hapo iliomba kibali cha serikali. Miji mikubwa haikuwekewa ukomo. Miji midogo na wilaya za mijini ziliweza kuongeza peni 1 yao.

Pauni 1 wakati ule ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 peni 12. Sema nyumba ya fundi viatu imethaminiwa pauni 12 kwa mwaka. Peni 2 mara 12 ni peni 24, yaani shilingi 2 kwa mwaka mzima. Ardhi ya shamba, kwa sheria ya 1896, ililipa nusu ya kiwango tu, kwa hiyo shamba kubwa lenye ardhi ya thamani ya pauni 300 lilitoa peni 300, yaani pauni 1 na shilingi 5. Kwa familia moja si fedha za kutisha. Lakini mkulima huyo alikuwa na kura, mara nyingi alikuwa diwani yeye mwenyewe, na hakuona kwa nini alipe mtoto wa karani wa mjini asome kemia. Uchumi wa kaunti za kilimo ulijionyesha kwenye shule zake.

Je, halmashauri ililazimika kuisaidia shule iliyoomba?

Hapana. Sheria iliiachia ifanye inachoona kinafaa, na hapo ndipo kaunti zilipotofautiana. Moja ilizijenga upya shule zake kongwe kwa moyo mmoja, jirani yake ikatoa kidogo kwa shingo upande. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa la sheria ile: bahati ya mtoto ilitegemea upande gani wa mpaka wa kaunti amezaliwa.

Bajeti ya shule iliyosaidiwa ilitoka wapi?

Mifuko minne: mapato ya wakfu, ada za wazazi, ruzuku ya Bodi ya Elimu kwa kila mwanafunzi, na mchango wa halmashauri. Shule ile ya kijijini yenye mashamba mawili ilikuta mfuko wa kwanza umekuwa mwembamba kuliko mingine yote. Bado lango lilikuwa na jina la aliyeiweka wakfu, lakini mishahara ilitegemea mlipa kodi.

Halmashauri ilipata nini kwa fedha zake?

Viti. Mla cha mwenzie na chake huliwa, na wadhamini walilijua hilo kabla ya kuandika barua ya kwanza ya maombi. Halmashauri iliyotoa ruzuku ilitaka wajumbe wake kwenye bodi, ilitaka kuona hesabu, na ilitaka kauli juu ya ada na idadi ya wanafunzi. Masharti ya wakfu yaliandikwa upya ili viti hivyo viwe vya kisheria.

Jiweke kwenye mkutano wa kwanza baada ya mabadiliko. Upande mmoja wa meza wamekaa kasisi, mwenye shamba na mwanasheria wa mji, ambao baba zao walikaa kwenye viti vilevile. Upande wa pili ni diwani mwenye duka, mjumbe wa kamati ya elimu na, pengine kwa mara ya kwanza tangu shule ianzishwe, mwanamke. Sheria ya 1902 ilitaka kamati za elimu ziwe na wanawake, na athari yake ilifika hadi kwenye bodi. Ajenda inaweza kuwa bomba la gesi la maabara. Lakini swali lililo mezani ni shule hii ni ya nani.

Na Bodi ya Elimu ya taifa, ilitaka nini?

Kanuni za 1904 ziliweka kozi ya miaka minne yenye Kiingereza, jiografia, historia, lugha nyingine, hisabati, sayansi na uchoraji. Ziligawa hata saa: angalau saa 4 na nusu kwa wiki kwa Kiingereza, jiografia na historia, saa 7 na nusu kwa sayansi na hisabati, na kati ya hizo zisipungue 3 za sayansi. Wengi wamemlaumu Morant kwa kuzielekeza shule mpya zifanane na zile kongwe na kuacha ufundi pembeni. Lawama hiyo ina haki. Hata hivyo kwa shule dhaifu ya wakfu kanuni hizo zilikuwa ngao: mkaguzi akishaandika kwamba maabara haitoshi, halmashauri haikuweza kujifanya haijasikia.

Sharti la nafasi za bure la 1907 lilikuwa lipi?

Hili ndilo ningetaka kila msomaji aondoke nalo.

Mwaka 1906 chama cha Liberal kilishinda uchaguzi kwa kishindo. Mwaka uliofuata, Reginald McKenna akiwa rais wa Bodi ya Elimu, zikatoka kanuni mpya. Shule iliyotaka ruzuku kamili ya pauni 5 kwa mwanafunzi ilitakiwa kutenga robo ya nafasi zake za kila mwaka, asilimia 25, kwa watoto waliotoka shule za msingi za umma, wasome bila ada. Ilitakiwa pia kuwa na wawakilishi wa umma walio wengi kwenye bodi, na isimfunge mwalimu wala mdhamini kwa dhehebu fulani. Iliyokataa masharti ilibaki na ruzuku ndogo ya pauni 2 na shilingi 10.

Kwa shule ya wavulana 100, tofauti hiyo ni pauni 250 kwa mwaka, yaani mishahara ya walimu. Wadhamini walikaa, wakapiga hesabu, na wengi wakasaini. Bodi ilikubali kiwango cha chini ya robo pale penye sababu, lakini robo ndiyo ilikuwa kanuni.

Wapo waliosema kiwango cha masomo kitashuka. Kilichotokea ni kwamba watoto waliopita kwenye mtihani mkali wa kugombea nafasi chache waliingia darasani wakiwa wameiva, na walimu waliona. Mtihani huo wa umri wa miaka 10 hadi 12 ukakua, ukaja kutawala utoto wa Waingereza kwa miongo mingi.

Kwa hiyo watoto wa maskini walifaidika kweli?

Wachache, na kwa jasho. Kufutiwa ada hakukufuta gharama. Kulikuwa na nauli ya treni, kofia ya shule, vitabu, na zaidi ya vyote mshahara ambao mtoto wa miaka 13 angekuwa analeta nyumbani. Kibarua wa shamba alipata chini ya pauni 1 kwa wiki. Shilingi chache za mwanawe zilikuwa mkate. Wazazi wengine walikataa nafasi iliyokwisha kushindwa, na mtu asiwalaumu. Halmashauri zenye huruma ziliongeza posho ya matunzo na nauli. Nyingine zilihesabu ada peke yake, zikaamini zimemaliza kazi.

Wasichana je?

Wakfu nyingi za zamani ziliwasahau. Sheria ya 1869 ilisema mapato yawafikie wasichana pale inapowezekana, na baadhi ya shule zao zikazaliwa hapo. Ukweli ni kwamba halmashauri, baada ya 1902, ndizo zilizojenga sekondari nyingi za wasichana moja kwa moja kwa kodi, kwa kuwa hapakuwa na wakfu wa kusaidia. Katika miji midogo suluhisho lilikuwa kuichanganya shule kongwe ya wavulana, jambo lililowakera baadhi ya wazee na kuiokoa shule.

Kuna mji ambapo halmashauri iliichukua shule kabisa?

Sheffield. Shule yake ya wakfu ilikuwa na hati ya mfalme ya mwaka 1604, lakini ilikuwa inasuasua. Karibu nayo kulikuwa na Wesley College, ya Wamethodisti, katika jengo kubwa la nguzo lililofunguliwa 1838, nayo imechoka. Jiji likamwita Michael Sadler, mtaalamu aliyekuwa akizunguka England kuziandikia halmashauri ripoti za sekondari zao. Ripoti ya Sheffield ilitoka 1903. Jiji likazinunua na kuziunganisha, na mwaka 1905 ikafunguliwa King Edward VII School katika jengo lile la nguzo. Karne tatu za wakfu zikaingia mikononi mwa kamati ya madiwani.

Mfumo huu uliisha vipi?

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipandisha bei, na wakfu wenye mapato yasiyobadilika ukayeyuka. Sheria ya 1918, ya H. A. L. Fisher, iliondoa ukomo wa peni 2 na kuhakikisha hazina ya taifa inabeba angalau nusu ya matumizi halali ya halmashauri. Kisha mwaka 1926 Bodi ya Elimu ikatoa waraka namba 1381: kila shule iliyosaidiwa ichague mkono mmoja, ama ruzuku ya Bodi moja kwa moja, ama ya halmashauri.

Uchaguzi huo ulidumu vizazi. Manchester ilikuwa kati ya zilizoshika mkono wa taifa, na ruzuku ya aina hiyo ilipofutwa miaka ya 1970 ikawa shule binafsi yenye ada. Nyingi zilizobaki na halmashauri zikawa shule za umma zisizo na ada baada ya sheria ya 1944.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo mmoja wa wazi. Sadler huyohuyo wa Sheffield alikuwa mjumbe wa kamati iliyoishauri London juu ya elimu katika makoloni ya Afrika, na waraka wake wa 1925 ulipendekeza serikali zizisaidie shule za misheni kwa ruzuku, pamoja na ukaguzi. Kusaidia, si kutoa. Lakini sharti la robo ya nafasi za bure halikusafiri nalo.

Nikitaka kufuatilia shule moja, nianzie wapi?

Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, inazo faili za Bodi ya Elimu zilizopangwa kwa majina ya shule: mfululizo ED 27 kwa mambo ya wakfu, ED 35 kwa shule yenyewe, ED 109 kwa ripoti za wakaguzi. Kumbukumbu za kamati ya elimu ziko kwenye hifadhi za kaunti. Anza na ripoti ya mkaguzi iliyo karibu na 1907, usome ukurasa wa mapato, kisha orodha ya wadhamini, ukiangalia ni nani amemteua nani. Halafu tafuta orodha ya walioingia mwaka huo na safu ya kazi ya baba. Ukikuta mchimba makaa amefuatana na daktari, umefika.